Bendera ya Kenya ni ya Aliyeshinda na Aliyeshindwa

Hotuba hii ilitolewa jioni ya mkesha wa Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 2025, katika ukumbi mmoja wa jamii mtaani Kaptembwo, jijini Nakuru. Waliohudhuria walikuwa wazee wa mitaa, walimu, vijana wa bodaboda, mawakala wa vyama na wanakamati wa amani. Inachapishwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bwana Mwenyekiti, Chifu wetu, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa dini, walimu wenzangu, akina mama wa chama, vijana wa steji, na ninyi mawakala wa vyama ambao leo mmekubali kuketi safu moja bila kusukumana: hamjambo? Itifaki imezingatiwa, nami sitairudia.

Nimeombwa nizungumze juu ya bendera ya taifa. Najua wako walioguna waliposikia mada hii. Wanasema tuzungumzie bei ya unga na karo ya shule, maana bendera haijazi sufuria. Ni kweli, haijazi. Lakini, ndugu zangu, tunaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na sisi wa Nakuru tunajua kuliko wengi kwamba watu wakishaanza kuulizana, "Wewe ni wa upande gani?", hata hiyo sufuria huachwa motoni wenyewe wakakimbia. Jambo langu ni moja. Bendera ile ni ya aliyeshindwa kama ilivyo ya aliyeshinda. Ni ya anayepinga kama ilivyo ya anayetawala. Ukitaka kujua kama unaliamini hilo kwa dhati, jiulize moyo wako unasema nini unapomwona mpinzani wako ameishika.

Tuanzie mwaka 1963, kwa sababu wengi tulikaririshwa maana ya rangi shuleni lakini hatukusimuliwa mabishano yaliyokuwapo. Tulikariri kwamba nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na utajiri wake, nyeupe ni amani, na ngao na mikuki ni ulinzi wa yale yote tuliyoyapata. Vyema. Lakini nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa kwanza rangi za chama cha KANU, chama kilichoshinda uchaguzi wa Mei mwaka huo. Upande wa pili kilikuwapo KADU, chama cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa hili tulimoketi ilikuwa ya KADU. Vyama hivyo vilikuwa vimevutana vikali kuhusu majimbo, ardhi, na nani angemlinda nani baada ya mkoloni kuondoka. Je, mshindi asingeweza kuichukua bendera ya chama chake jinsi ilivyo na kuipandisha mlingotini? Angeweza. Haikuwa hivyo. Ikaongezwa milia miwili myembamba myeupe, ikaongezwa ngao na mikuki, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, usiku kama huu wa leo, kilichopanda katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi hakikuwa kitambaa cha chama. Usiku huo huo Kisoi Munyao na wenzake walikuwa wameipeleka nyingine hadi kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985 juu ya bahari, mahali pasipo na mpiga kura hata mmoja.

Sasa tazameni yaliyofuata. Moi, mwenyekiti wa kile chama kilichoshindwa, ndiye aliyeapishwa kuwa Rais mwaka 1978, akatawala miaka 24 chini ya bendera ile ile. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa upande ulioshinda na akawa Makamu wa Rais, alijiuzulu mwaka 1966, akaunda KPU, chama hicho kikapigwa marufuku mwaka 1969 na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Aliyekuwa nje akaingia, aliyekuwa ndani akatolewa. Je, bendera ilibadilishwa kwa ajili ya yeyote kati yao? Hapana. Haikubadilishwa aliyeshindwa alipoingia Ikulu, wala haikubadilishwa aliyeshinda alipopelekwa kizuizini.

Wahenga walinena kuwa bendera hufuata upepo, na wanasiasa wetu wameigeuza methali hiyo kuwa ratiba ya kazi. Leo yuko huku, kesho yuko kule, na tangu ije hii Serikali Jumuishi, ya watawala na sehemu ya wapinzani wao pamoja, mimi mwalimu mzima nahitaji kalamu na karatasi nijue nani yuko serikalini na nani yuko upinzani. Siwalaumu sana, kuhama ni kazi yao. Ninachouliza ni hiki: kama wao wenyewe huhama hivyo, kwa nini wewe jirani yangu uninunie miaka mitano kwa sababu ya rangi ambayo mwenyewe aliyekuvisha ameshaivua?

Nataka niwapeleke sokoni kidogo. Yuko fundi wa cherehani hapa mjini ninayemfahamu kwa miaka mingi, ambaye hushona bendera. Kazi ngumu, aliniambia, si ile milia mitatu mipana. Kazi ngumu ni ile milia miwili myeupe, ambayo kwa wembamba wake hukunjamana chini ya sindano, na ile ngao, ambayo hukatwa vipande vipande na kushonwa pande zote mbili za kitambaa ili mtu aione sawasawa akiwa upande wowote wa mlingoti. Mwanafunzi wake akiharakisha, humaliza kazi halafu hugundua kwamba ametia kamba upande wa chini na kijani kimekaa juu. Msicheke, nimeiona bendera ya namna hiyo ikipepea katika afisi moja ya umma, na hakuna aliyekuwa ameligundua. Wakati wa kampeni fundi huyu hushona njano asubuhi na rangi ya chungwa alasiri, na ukiingia kibandani mwake sakafu yote imejaa vipande vya vyama vyote vikikanyagwa pamoja. Nilimwuliza kama wateja wake hugombana. Akaniambia kwamba wateja wa rangi za vyama huomba waje saa tofauti wasikutane mlangoni, lakini wanaokuja kuchukua bendera ya taifa hupanga foleni na kupiga soga.

Kuhusu rangi, wazee mtakumbuka kwamba katika kura ya maamuzi ya Katiba ya mwaka 2005 tuligawanywa kwa matunda, wengine ndizi na wengine chungwa. Mwaka 2010 kura ya maamuzi ilipokuja tena, waliounga mkono Katiba walipewa kijani na waliopinga wakapewa nyekundu. Mliliona hilo? Rangi zote mbili zimo ndani ya bendera. Tuliambiwa tupigane kwa rangi mbili za kitambaa kimoja. Takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walichagua kijani, wengi katika Bonde la Ufa wakachagua nyekundu, na mmoja wa viongozi wakuu wa upande huo wa nyekundu alikuwa William Ruto. Septemba 2022 William Ruto aliapa kuilinda Katiba ile ile aliyoipinga, na Kifungu cha 9 cha Katiba hiyo ndicho kinachoitaja bendera kuwa alama ya taifa, pamoja na wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa umma. Simtaji ili nimcheke. Namtaja kwa sababu hivyo ndivyo nchi inavyopaswa kwenda: unapinga, unashindwa, kisha unakilinda kile kilichokushinda mpaka zamu yako ifike.

Sasa nije kwenye neno zito, na naomba wale waliokuwapo wanivumilie. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi hii iliwapoteza watu 1,133, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hapa Nakuru hatukusoma habari hizo gazetini. Tuliziona kutoka madirishani. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Tulipofungua tena, gwaride la Jumatatu lilikuwa na mapengo. Walimu wawili hawakuwapo, na safu ya darasa la saba ilikuwa imebaki nusu.

Kazi ya kupandisha bendera ilikuwa ya skauti wawili, msichana na mvulana, kila mmoja wa jamii ambayo wakati ule haikutakiwa kusimama karibu na jamii ya mwenzake. Nyumba ya akina mvulana ilikuwa imechomwa, na familia yake ilikuwa kambini katika uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine. Hatukumtarajia. Asubuhi ile akaja kwa miguu, amevaa shati la msaada linalomfika magotini na ndala, bila sare, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mlingoti alikokuwa amesimama yule msichana na bendera iliyokunjwa mkononi. Mwalimu wa zamu akaninong'oneza kwamba kanuni za shule haziruhusu mwanafunzi asiye na sare kupandisha bendera. Nikamwambia kanuni hiyo imelala leo. Msichana akashika ncha moja, mvulana akashika nyingine, wakaikunjua, wakaifunga kwenye kamba, ikapanda.

Mngependa nimalizie hapo, sivyo? Haikuishia hapo. Mzazi mmoja aliyekuwa amesimama getini alinifuata afisini akanieleza kwamba hawezi kukubali mtoto wa "watu wale" aishike bendera ya taifa wakati ndugu yake mwenyewe yuko mochari. Nilimsikiliza, kwa sababu msiba wake ulikuwa wa kweli. Nilimpa pole. Kisha nikamweleza kwamba mtoto yule naye ni Mkenya kama wake, na kwamba siku nitakayomnyima kamba ile kwa sababu ya jina la ukoo wake, nitakuwa nimemwambia hana nchi. Mzazi yule alimhamisha mwanawe wiki hiyo hiyo, na hakumrudisha. Nalisimulia hili bila kulipamba ili mjue kwamba kuishirikisha bendera kuna gharama, na gharama yenyewe hulipwa mbele ya watu unaowajua kwa majina.

Hilo lilikuwa la watoto. Sasa vijana, mlio wengi kule nyuma. Mwezi wa Juni 2024 mlipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, hapa Nakuru, kule Kisumu, Eldoret na Nairobi, mlijifunga bendera mabegani mkasema hamna chama wala kabila. Wako waliokasirika. Nilisikia kwa masikio yangu mtu mzima akisema, "Hao wanaichezea bendera ya Serikali." Nilisikia pia kijana mmoja akisema kwamba yeyote aliye serikalini amepoteza haki ya kuigusa. Wote wawili nawapinga. Kwanza, hakuna bendera ya Serikali. Kuna bendera ya Jamhuri ya Kenya, na Serikali ni mpangaji tu. Anayeamini kwamba nchi inaendeshwa vibaya ana haki ya kulisema hilo akiwa ameishika, na tena afadhali aseme akiwa nayo kuliko aitupe chini. Pili, kijana wangu, yule polisi aliyetumwa kukuzuia ametoka kituoni ambako bendera hiyo hiyo hupandishwa kila asubuhi, na mbunge uliyemzomea aliapishwa chini yake. Huwezi kuwapokonya. Wapo waliouawa kwa risasi tarehe 25 Juni, nao haki yao bado inadaiwa, lakini haki hiyo inadaiwa kwa jina la jamhuri ile ile. Na kwa kuwa tunasema ukweli wote leo, kujifunga bendera hakumhalalishii mtu kuvunja duka la Mama Mboga wala la Mhindi.

Nifungue mabano kidogo kwa wale wanaojiandaa kugombea viti. Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, Sura ya 99, imewataja wanaoruhusiwa kupeperusha bendera kwenye gari: Rais, Naibu wake, Jaji Mkuu, Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti, na mawaziri. Hata magavana hawamo, na mnakumbuka walivyolalamika. Basi wewe unayetafuta udiwani, ukiifunga kwenye boneti ya gari la kukodi, hujaonyesha uzalendo, umejipa cheo. Nafunga mabano.

Kuna jambo tunalolifanya vizuri katika nchi hii bila hata kulifikiria. Pitia karibu na kituo cha polisi au afisi ya kamishna wa kaunti saa kumi na mbili jioni. Firimbi inalia. Mama mwenye karai la omena kichwani anasimama, mkono mmoja umeshikilia karai. Mwenye mkokoteni anaishikilia mikono ya mkokoteni asiachie. Askari anakaza mwili. Mshukiwa aliyekuja kuripoti kwa mujibu wa dhamana yake anasimama hatua mbili kutoka kwa askari aliyemkamata. Wageni kutoka nchi nyingine hushangaa na kuuliza kumetokea nini. Bendera inashushwa, firimbi inalia tena, na kila mtu anaendelea na safari yake. Je, kuna anayeulizwa alimpigia nani kura kabla ya kusimama? Na je, umewahi kumwona mtu akiendelea kutembea kwa sababu mgombea wake alishindwa? Mimi, katika miaka yangu yote, sijamwona.

Kwenye michezo sitakawia, kwa maana kila mtu anaijua. Faith Kipyegon akishinda tunalia sote, Harambee Stars wakicheza tunapaka rangi mashavuni, na filimbi ya mwisho ikipulizwa tunarudi kwenye mitaa yetu tulivyokuwa. Umoja huo ni mtamu lakini hautuombi chochote. Msiba hutuomba zaidi.

Katika uchaguzi wa Desemba 1997 walishindana, miongoni mwa wengine, Daniel arap Moi, Mwai Kibaki na Raila Odinga. Moi akashinda, Kibaki akawa wa pili, Raila wa tatu. Mnakumbuka maneno ya kampeni zile? Na yale ya 2007, ambayo yalikuwa machungu mara kumi? Moi alifariki Februari 2020, bendera ikashushwa nusu mlingoti. Kibaki alifariki Aprili 2022, ikashushwa nusu mlingoti. Raila, ambaye hakuwahi kuwa Rais, alifariki Oktoba mwaka huu, na ikashushwa nusu mlingoti siku saba. Nilisafiri pamoja na wengine kwenda Mamboleo, Kisumu, siku watu walipokwenda kumuaga. Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera. Ndani ya umati niliwaona watu waliovaa kofia za vyama vilivyompinga maisha yake yote, na hakuna aliyewavua.

Uwanja ule wenyewe una jina la Jomo Kenyatta. Lifikirieni hilo polepole. Oktoba 1969, Mzee Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, siku iliishia kwa risasi na vifo, na jeraha lile likarithishwa watoto na wajukuu. Tarehe 1 Juni 2021, miaka mitatu baada ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono, sherehe ya kitaifa ya Madaraka ilifanyika Kisumu, na bendera ikapandishwa mbele ya mwana wa Mzee Kenyatta na mwana wa Jaramogi, mmoja Rais na mwingine mpinzani aliyekuwa amekataa kuyatambua matokeo ya uchaguzi uliotangulia. Kuna wanaosema yale yalikuwa maigizo ya wakubwa. Huenda kwa wakubwa yalikuwa maigizo. Lakini yule mzee wa Kondele aliyeikosa sherehe ya taifa mjini kwake maisha yake yote hakuwa akiigiza alipoketi pale tangu alfajiri. Sisi hapa tulikwisha kuipata heshima hiyo mwaka 2016, uwanjani Afraha, nasi tulijua ladha yake.

Basi nawaomba nini? Mawakala wa vyama, mnapoanza mikutano yenu mwaka ujao, pandisheni bendera ya taifa kwanza, juu kuliko ya chama, na msiiandike jina wala kuibandika picha ya mgombea. Mkisikia vijana wenu wamemnyang'anya kijana wa chama kingine bendera ya taifa wakisema "hii si yenu", mrudishieni ninyi wenyewe, hadharani, mkiwa mmevaa rangi zenu. Vijana wa steji, ile bendera ya steji ya chini imechanika ukingoni na nyekundu yake imefifia kwa jua hadi imekuwa ya waridi. Changeni, muende kwa fundi niliyemtaja, na mhakikishe nyeusi imekaa juu. Chifu, ile ya kijani juu nitakuonyesha faraghani ilipo.

Na kesho asubuhi saa moja, katika uwanja wa shule, gwaride la mtaa litafanyika kabla ya watu kwenda kwenye sherehe kubwa. Mwaka jana bendera ilipandishwa na diwani. Mwaka huu napendekeza ipandishwe na mawakala wawili wa vyama vilivyogombea kata hii, aliyeshinda na aliyeshindwa, mmoja ashike kamba na mwingine aikunjue. Nimeshazungumza nao wote wawili kabla hatujaingia. Wamekubali, ila hawajaelewana nani ashike kamba, na mwalimu wa skauti ameahidi kuwarushia shilingi. Bwana Mwenyekiti, naona mikono imeinuliwa kule nyuma. Tuanze na yule wa bodaboda aliyeguna nilipotaja bei ya unga.